Konzi moja ya mabua: kujifunza kazi ya mikono na mapishi ya shamba kaskazini mwa Japani

Swali: Mimi ni mkazi wa Pangani, mkoani Tanga, nina umri wa miaka 58. Tangu utotoni nasuka ukili na kusokota kamba za usumba, na mtaani kwetu huitwa kupika kwenye shughuli. Mwanangu anasoma Sendai, Japani, na amenialika nikae naye wiki tatu; ananiambia nichague kati ya Aprili, wakati miti ya sakura inapochanua, na Novemba. Sitaki kuzungushwa nikapigwe picha. Nataka kukaa na watu wa shamba, nione wanavyotengeneza vitu kwa mabua ya mpunga na wanavyopika majumbani kwao. Mimi ni Mwislamu na sijui neno hata moja la Kijapani. Niende lini, wapi, na nijiandae vipi?

Jibu: Shikamoo mama. Nenda Novemba, tena katika nusu ya kwanza ya mwezi, na katika wiki hizo tatu tenga siku 6 au 7 uzimalizie katika nyumba moja ya mkulima badala ya kuzigawa katika miji mitano. Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na ushauri huo, kwa hiyo niruhusu nianze na sababu zake.

Katika mashamba ya Japani mabua na chakula havikuwa mambo mawili. Wapishi wa zamani walikuwa na maneno ya kukariri kuhusu kupika wali kwenye jiko la udongo, yenye mahadhi kama ya wimbo wa watoto: mwanzo moto mdogo mdogo, katikati moto mkali, chungu kikianza kunung'unika punguza kuni, kisha choma konzi moja ya mabua, na hata mtoto akilia usifunue mfuniko. Hiyo konzi moja ya mabua ndiyo iliyonifanya mimi nianze kuifuatilia kazi hii. Bua la mpunga huwaka ghafla na kwa ukali, kisha huzimika. Mwako huo mfupi humaliza maji yaliyosalia chini ya chungu na kuacha ukoko mwembamba, ambao Wajapani huuita okoge na kuugombania kama tunavyougombania sisi. Wewe unapopalia makaa juu ya mfuniko unaifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Mmea uleule, basi, ulitoa wali, ukasaidia kuupika, na bua lililobaki likawa kamba, kiatu, koti la mvua, jamvi la kuanikia nafaka na gunia la kuhifadhia mchele. Gunia hilo, tawara, ndilo lililokuwa kipimo, na hata leo mkulima wa Kijapani huhesabu mavuno yake kwa fungu la kilo 60 linalotokana nalo. Mgeni anayekwenda mahali pamoja kusuka mabua na mahali pengine kupika huondoka na vipande viwili ambavyo havikukutana.

Sasa angalia kalenda. Aprili mashamba ya kaskazini hayajapandwa; watu wanatayarisha vitalu na kuingia katika msimu wa haraka utakaokwisha kwa kupandikiza miche mwezi Mei, na mabua ya mwaka uliopita yamebaki machache gharani. Aprili ina sifa moja ambayo mpishi hapaswi kuidharau, nayo ni mboga za porini zinazochipua theluji inapoyeyuka, ambazo huitwa sansai na huliwa zikiwa na uchungu wake. Ungekuwa mpishi tu, ningesita kidogo kukuamulia. Lakini wewe ni msusi, na msusi anahitaji mabua. Kaskazini mwa nchi mpunga huvunwa Septemba na Oktoba. Hadi Novemba umekwisha kuanikwa na kupurwa, mabua yamekauka na yana harufu tamu ya jua, mchele mpya umeingia jikoni, uyoga ungalipo, na theluji nzito haijafunga njia. Wenyewe watakuambia kwamba msimu halisi wa kusuka ulikuwa Januari na Februari, pale nyumba ilipozungukwa na theluji na hakuna kazi nyingine ya kufanya, na watakuwa wanasema kweli. Hata hivyo, sitamshauri mtu wa Pangani aanze kuijua theluji kwa kuzikwa ndani yake.

Jambo moja la kiufundi litakusaidia kupambanua mahali penye kazi hai na mahali penye maonyesho tu. Mashine kubwa za kuvunia zinazotumika Japani siku hizi hukata mpunga, huupura papo hapo, kisha huyakatakata mabua vipande vifupi na kuyamwaga shambani yawe mbolea. Bua lililokatwa hivyo halifai kitu kwa msusi. Anayesuka hana budi kuvuna kwa mundu, au kwa mashine ndogo inayofunga miganda mizima, kisha aianike kwenye miti kwa wiki mbili tatu. Ukisafiri na mwanao mashambani mwa mkoa wa Miyagi mwanzoni mwa msimu, utaona miti iliyosimikwa ambayo miganda imepangwa kuizunguka hadi juu, safu kwa safu, kama watu wafupi waliovaa makoti na kusimama foleni. Huko huiita honnyo. Kwingine miganda hutundikwa kwenye fito zilizolazwa, kama nguo kwenye kamba. Ukiona mojawapo ya hayo, jirani yupo anayetumia mabua, au angalau anayeujua utamu wa wali uliokaushwa na jua.

Kuhusu mahali, una bahati kwamba mwanao yuko Sendai, kwa sababu Sendai ni lango la Tohoku, yaani kaskazini-mashariki ya kisiwa kikuu, na Tohoku ndiko ningekupeleka hata ungeteremkia Tokyo. Ningechagua kati ya sehemu mbili. Ya kwanza ni Tono, mkoani Iwate, bonde lililozungukwa na milima, ambako unafika kwa treni ya kasi hadi Shin-Hanamaki na kisha kwa treni ya polepole. Nyumba za kale za huko zilijengwa kwa umbo la kiwiko, upande mmoja watu na upande wa pili farasi, chini ya paa moja. Kadhaa kati ya nyumba hizo zimehifadhiwa katika kijiji cha Tono Furusato, na humo wazee wa eneo hilo, wanaoitwa maburitto, yaani walinzi, huwafundisha wageni kusuka mabua na mapishi ya nyumbani. Sehemu ya pili ni Semboku, mkoani Akita, karibu na mji wa Kakunodate na ziwa Tazawa, ambako familia nyingi za wakulima hupokea wageni walale na kula nao; treni ya kasi hufika huko kutoka Sendai bila kubadilisha. Kwa mtu anayetaka kukaa ndani ya familia ningeanza na Semboku. Kwa mtu anayetaka uhakika wa kumkuta mwalimu wa mabua, ningeanza na Tono. Kwa kuwa umetaja mambo yote mawili, lala Semboku siku hizo 6 na uende Tono kwa safari ya siku 2 baadaye, wakati mkono wako umeshazoea.

Watu watakutajia Shirakawa-go, katika mkoa wa Gifu, kijiji ambacho pamoja na Gokayama kiliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni kijiji kizuri, na kuanzia asubuhi hadi jioni kimejaa mabasi. Zaidi ya hayo, mapaa yake mazito yanayowapendeza wageni hayakuezekwa kwa mabua ya mpunga, kama wengi wanavyodhani, bali kwa nyasi ndefu za milimani ziitwazo kaya, kwa sababu bua la mpunga huoza mapema likiwa juu ya paa. Wewe uliyezaliwa chini ya makuti huhitaji kuelezwa kwamba kila jani lina kazi yake.

Nije kwenye kazi yenyewe. Darasa fupi la wageni la nusu saa au saa moja hukupa mabua yaliyokwisha kutayarishwa, huku mwalimu akikuanzia na kukumalizia, ukatoka na pambo zuri usiloweza kulirudia nyumbani. Mwambie mwenyeji wako mapema, kwa maandishi, kwamba unataka kuanza na bua ghafi na kuishia kwenye kamba, na kwamba huna haja ya pambo. Siku yangu ya kwanza mzee niliyekaa naye alinifanya nichambue mabua tangu chai ya asubuhi hadi mchana, nikadhani ananidharau. Siku ya tatu, kamba yangu ilipokuwa ikikatika kila nilipokutana na jani ambalo sikulichambua, nilielewa kwamba alikuwa ameshanifundisha nusu ya kazi.

Kuchambua kunafanyika hivi. Unashika fungu la mabua upande wa masuke, ukilikaza vizuri, kisha unapitisha vidole vya mkono wa pili kama kitana kuelekea upande wa shina, ili majani makavu yanayolivika bua yadondoke. Majani hayo huitwa hakama, jina la lile vazi pana la kiunoni la Kijapani, kwa kuwa bua hasa hubaki limevuliwa nguo. Yanayodondoka hayatupwi, zamani yalijazwa katika magodoro, na hadi leo hulazwa chini ya ng'ombe au kwenye mbolea. Bua lililo safi hunyunyiziwa maji kidogo na kuachwa yaingie, kisha hulazwa juu ya jiwe na kupondwa kwa nyundo ya mti yenye kichwa cha mviringo, mkono mmoja ukiponda na mwingine ukilizungusha fungu polepole. Hapa ndipo mkono wa msusi wa ukili unapokosea mwanzoni. Jani la mkindu ni bapa na hutii mara moja, ilhali bua la mpunga ni mrija wenye mafundo, na mrija usiopondwa huvunjika unapopindwa. Ukilipiga kidogo huvunjika. Ukilipiga mno nyuzi zake huachana na kamba ikawa na manyoya. Kipimo kiko masikioni: bua linapoacha kulia kwa mkwaruzo na kuanza kutoa sauti ya kitambaa, limeiva.

Kusokota utakujua tangu siku ya kwanza, na nadhani wenyeji wako watashangaa. Unashika nyuzi mbili, kila moja ya mabua mawili au matatu, ukazisugua kati ya viganja ili kila uzi ujipinde upande mmoja, na papo hapo unaziacha zijizungushe pamoja kuelekea upande wa pili. Mivuto hiyo miwili inayopingana ndiyo inayoishika kamba isifunguke, sawasawa na kamba ya usumba. Tofauti ni kwamba bua ni fupi, kwa hiyo unaunga mara kwa mara, na siri ya kamba nzuri ni kutounga nyuzi zote mbili mahali pamoja. Makumbi yako huozeshwa topeni miezi kadhaa kabla hayajapondwa. Mabua hunyunyiziwa asubuhi na kusokotwa mchana, na ukiyaacha yalale na unyevu yanaota ukungu. Kwa hiyo huko hutakiwi subira ya kungoja, unatakiwa wepesi.

Ukishapata kamba ya mita kadhaa isiyofunguka unapoiachia, omba kutengeneza kitako cha kuwekea chungu cha moto. Ni duara la mabua lililozungushiwa kamba, na ukiliona utasema ni kata ya kubebea mtungi. Baada ya hapo omba kandambili za mabua, zori, au waraji zenye kamba za kufungia kifundoni. Kwa hizo kiwanda ni miguu yako mwenyewe: unakaa chini, unanyoosha miguu, unatundika kamba kwenye vidole gumba ili ziwe nyuzi nne zilizokazwa, na unapitisha mabua juu na chini kuanzia upande wa kifuani ukielekea kwenye vidole. Magoti yakikusumbua, wengi wana ubao wenye vigingi unaofanya kazi ya vidole. Waraji za wasafiri wa zamani hazikudumu siku nyingi. Mtu alivaa jozi na kubeba nyingine, na zilizochakaa zilirudi shambani kuwa mbolea. Usihuzunike basi jozi yako ya kwanza ikiwa imepinda, maana hata iliyonyooka haikuumbwa ikae.

Kuna kamba moja ambayo nakuomba uielewe kabla hujaishika, nayo ni shimenawa, kamba inayotundikwa kwenye mahekalu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, na, wakati wa mwaka mpya, milangoni mwa nyumba, kuonyesha kwamba upande wa pili ni mahali patakatifu. Kwa kawaida husokotwa kinyume cha kamba ya kazi, upande wa kushoto, na mabua yake bora hukatwa yakiwa bado ya kijani, kabla mpunga haujazaa, ili yabaki na rangi yake. Kubwa inayojulikana sana iko kwenye ukumbi wa Kagura wa hekalu la Izumo, mkoani Shimane, yenye urefu wa mita 13 hivi na uzito wa tani 5 hivi, nayo husukwa na watu wa mji mdogo wa Iinan. Kuanzia mwisho wa Novemba madarasa mengi ya mabua hugeuka kuwa madarasa ya mapambo ya mwaka mpya yanayotokana na kamba hiyo. Wapo Waislamu wanaolihesabu jambo hilo kuwa ufundi tu, na wapo wasiopenda kutengeneza kitu cha ibada ya wengine. Nisingependa ulazimike kuamua ukiwa umekaa katikati ya watu huku mabua yako mkononi. Sema mapema kwamba unataka kamba ya kazi na viatu. Hakuna atakayechukizwa, na ni sababu nyingine ya kufika mwanzoni mwa mwezi.

Kwenye mapishi nitakaa zaidi mahali panapokuhusu. Nyumba nyingi za kupokea wageni zimehifadhi irori, yaani meko iliyochimbwa katikati ya sakafu, yenye kulabu ndefu inayoteremka kutoka darini na kupandishwa au kushushwa ili chungu kikaribie au kiukimbie moto. Tazama juu ya meko hiyo: mara nyingi utaona fungu nene la mabua limening'inia, limechomekwa vijiti vyenye samaki wa kuchoma wanaokaushwa kwa moshi. Huliita benkei, kwa kumkumbuka shujaa wa hadithi aliyekufa amesimama akiwa amechomwa mishale mwili mzima. Pembeni waweza pia kukuta kikapu kinene cha mabua ambamo chombo cha wali huwekwa ili usipoe, na mama yeyote aliyewahi kufunika sufuria kwa blanketi atakielewa bila mkalimani.

Chakula cha Akita cha majira hayo ni kiritanpo. Wali wa mchele mpya hupondwa nusu, hubandikwa kwenye kijiti bapa cha mti wa mwerezi, huchomwa hadi uso uwe wa kahawia, kisha huvuliwa kwenye kijiti, hukatwa na kutiwa katika mchuzi wa kuku pamoja na uyoga, vitunguu vya majani, mizizi ya gobo, na mboga iitwayo seri ambayo hupikwa na mizizi yake. Utamu wake wote uko kwenye kuku, na kuku huyo hakuchinjwa kwa namna unayoitaka. Usikubali kuukosa kwa sababu hiyo. Sendai kuna msikiti na jamaa wa Kiislamu wanaojua inakopatikana nyama halali. Mwanao anunue kuku aliyegandishwa, mpeleke, na mwombe mwenyeji ampike. Nimeona wenyeji wakilipokea ombi hilo kwa furaha kuliko ombi la kuondoa kila kitu, kwa sababu mpishi wa shamba huumia anapomlisha mgeni mchuzi usio na kitu.

Kuna mengine ya kujihadhari nayo, na hatari ya mengi imejificha kuliko nyama. Mchuzi wa magimbi, ambao watu hukusanyika kuupika kando ya mito kila vuli, ukiwa Miyagi hupikwa kwa nyama ya nguruwe na miso (rojo la maharagwe ya soya yaliyochachushwa), na ukivuka mpaka kwenda Yamagata hupikwa kwa ng'ombe na mchuzi wa soya. Chungu ni kilekile machoni, kilichomo sicho. Mirin, kiungo kitamu kinachotiwa karibu kila kitoweo, ina kilevi cha asilimia 14 hivi, na pombe ya mchele hutiwa kulainisha samaki na mboga. Miso ya dukani mara nyingi huongezwa kilevi kidogo ili isiendelee kuchacha, ilhali miso ya nyumbani kwa kawaida haina nyongeza hiyo. Kusema neno halali peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu wa kijijini huko huenda hajawahi kulisikia. Mwanao aandike kwa Kijapani orodha ya vitu vyenyewe: nguruwe, mafuta ya nguruwe, kuku na ng'ombe wasio halali, pombe ya mchele, mirin, kisha aandike chini yake, kwa herufi kubwa vilevile, unavyokula: samaki wote, mayai, maharagwe ya soya, mboga, uyoga, mwani. Orodha ya pili ndiyo inayompa mpishi amani. Akijua kwamba supu ya mwani wa kombu na samaki mkavu inafaa, amepata msingi wa nusu ya vyakula vyake.

Vya kula bila wasiwasi vipo, na kimoja nakisisitiza kwa sababu kitakukuta nyumbani. Mochi hutengenezwa kwa kinu. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, hupikwa kwa mvuke, kisha hutiwa katika kinu kipana na kifupi kilichopashwa moto kwa maji, na kutwangwa hadi punje zipotee zibaki donge moja linaloteleza. Mchi wa siku hizi ni kama nyundo kubwa, unanyanyuliwa juu ya bega, na mtu wa pili anachovya mkono katika maji na kulipindua donge kati ya pigo na pigo. Mapigo yanaongozwa kwa sauti, kama mnavyopokezana wawili kinuni huko kwetu. Zamani walikuwa na mchi ulionyooka kama wetu. Omba upewe zamu ya kupindua, maana kutwanga unakujua, na omba mochi hiyo iliwe na zunda, maharagwe machanga ya soya yaliyopondwa na sukari, ambayo ni fahari ya Sendai. Tafuna sana na umeze kidogo kidogo. Kila mwaka mpya wazee huko hupaliwa na mochi hadi kufa, na hilo si la mzaha.

Natto, maharagwe ya soya yaliyochachushwa, ni halali pia kama huli mchuzi wa pakiti unaoambatana nayo, na ni mtoto mwingine wa mabua: maharagwe yaliyochemshwa yalifungwa yakiwa ya moto ndani ya bua la mpunga, na bakteria wanaoishi kwenye bua ndio walioyachachusha. Utelezi wake unaushinda ule wa mrenda. Mimi nilihitaji miaka miwili.

Kuhusu wali, usiwafundishe kutia tui siku ya kwanza. Kaa jikoni uangalie: mchele huoshwa maji kadhaa, hulowekwa nusu saa au zaidi, maji hupimwa zaidi kidogo tu ya mchele, hakuna chumvi wala mafuta, na baada ya kuiva huachwa dakika 10 hadi 15 bila kufunuliwa. Kama wana jiko la kuni la udongo, kamado, waombe wakupikie humo mara moja, na uombe wewe ndiye utie ile konzi ya mabua mwishoni. Siku ya nne au ya tano, ukishakuwa mtu wa nyumbani, ndipo upike pilau au samaki wa nazi. Beba iliki, mdalasini na bizari kavu za kutosha, kwani vijijini hazipatikani, na tui la kopo mwanao ataliona mjini.

Adabu za nyumba utazizoea upesi, kwa kuwa nyingi ni zetu. Viatu vinabaki mlangoni, na ndala za ndani zinavuliwa kabla ya kukanyaga tatami, mikeka minene ambayo ya asili moyo wake nao ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa. Kabla ya kula husemwa itadakimasu, baada ya kula gochisosama. Vijiti vya kulia visisimikwe wima katika bakuli la wali, wala chakula kisipokezwe kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu yote mawili ni ya msibani. Bafu ni la familia nzima kwa zamu na maji ni yaleyale. Unajisugua na kujisuuza nje ya beseni, kisha unaingia ukiwa safi, nawe kama mgeni pengine utapewa zamu ya kwanza. Kwa sala, tatami ni safi, na kibla kiko magharibi kikiinamia kaskazini kidogo. Nguo ziwe nzito, kwani usiku wa Novemba huko milimani baridi hukaribia nyuzi 0 na nyumba za kale hazina joto mbali na meko; suruali pana ya kukalia chini itakufaa kuliko kanga peke yake.

Zawadi iliyo bora kutoka kwako ni ukili uliokwisha kusukwa, kipande kirefu kisichoshonwa, pamoja na kamba ya usumba, ili wazee waone mkono wako ulivyo. Uonyeshe kwa wakaguzi wa mimea uwanjani unapoingia, usiufiche. Usibebe kabisa mpunga wala mabua yake, kwani Japani hukataza kuingizwa mabua ya mpunga kutoka nchi nyingi kwa kuogopa magonjwa ya zao hilo, na nyama ya aina yoyote iache nyumbani. Ukirudi, zori zako nazo uzitangaze kwa wakaguzi wa Tanzania. Viza iombwe mapema katika Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, pamoja na barua ya mwaliko ya mwanao.

Kwa lugha usiogope sana. Jifunze maneno manne: wara (mabua), nawa (kamba), mo ikkai (mara nyingine tena), na oshiete kudasai (tafadhali nifundishe). Mwanao aandikie familia za Semboku angalau wiki 6 kabla, aeleze umri wako, ufundi wako na orodha zile mbili za chakula, na kabla ya kutia sahihi aulize kama mwaka huo walivuna kwa mundu na kama gharani wana mabua yaliyobaki mazima. Atakayejibu swali hilo kwa urefu ndiye wa kumfuata.